Mfumo endeshi uje na nini ndani? Jibu kwa mwenye steshenari wa Morogoro

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nina steshenari hapa Morogoro: kompyuta tano, printa mbili, mashine moja ya kutolea kopi. Shemeji yangu ndiye fundi wangu. Kila akipiga Windows upya anafyeka karibu kila kilichokuja nayo: michezo, habari, hali ya hewa, OneDrive ile ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, mpaka programu ya kutazamia picha. Anasema kazi ya mfumo endeshi ni kuwasha mashine na kuendesha programu, basi. Mengine kila mtu ajiwekee. Mimi nasema kompyuta ije imekamilika. Mteja akiniletea flashi yenye video isiyofunguka, au faili la RAR, siwezi kumwambia akae benchini nishushe programu kwa bando langu. Juzi tumebishana mpaka mume wangu akatoka nje. Nani ana haki?

JIBU: Marahaba, dada. Mumeo asiwalaumu. Ugomvi wenu ndio huohuo ulioifikisha Microsoft mahakamani Marekani mwaka 1998, na jaji mmoja akafika mahali pa kuamuru kampuni ile ipasuliwe vipande viwili. Mkiumaliza nyumbani bila wakili mtakuwa mmewazidi.

Nikupe msimamo wangu mapema, maana najua una wateja. Vingi anavyovifuta shemeji yako vinastahili kufutwa, ila sababu anayoitoa haina miguu. Wewe sababu yako ni nzuri, lakini hiyo "kila kitu" unayoitaka ikiletwa, sehemu kubwa haitakuwa imewekwa kwa ajili yako.

Tuanze na maneno yake. Kwamba mfumo endeshi ni wa kuwasha mashine na kuendesha programu, hivyo ndivyo wanavyofundishwa vyuoni, na enzi za DOS, mfumo wa kabla ya Windows, ilikuwa karibu na kweli. Sasa muulize: enzi zile nani alikuwa anaongea na printa? Si DOS. Kila programu ilikuja na draiva zake yenyewe, yaani vile viprogramu vya kuongea na kifaa. Maofisi waliipenda WordPerfect, programu ya kuandikia barua, kwa sababu, pamoja na mengine, ilizijua printa nyingi mno. Ukitoka humo ukaingia programu nyingine, printa ileile iliyotoka kuchapa barua safi ikawa kama haijaunganishwa. Windows ilipoichukua kazi hiyo, draiva ikawekwa mara moja na programu zote zikaichota hapohapo. Fonti nazo zilifuata njia hiyo. TrueType iliingia kwenye Windows 3.1 mwaka 1992, na kuanzia hapo herufi unayoiona kwenye kioo ndiyo inayotoka kwenye karatasi.

Mtandao ndio mfano mzuri kuliko yote. Windows 3.1 haikuja na uwezo wa kuongea lugha ya intaneti, ile TCP/IP. Aliyetaka kuingia mtandaoni alitafuta Trumpet Winsock, programu iliyoandikwa na Peter Tattam wa Tasmania, Australia, akaiweka kwa mkono na kuhangaika na namba zake. Windows 95 ilipotoka tarehe 24 Agosti 1995 kitu hicho kilikuwa ndani, na soko la Tattam likakauka. Nina huruma naye. Lakini simjui fundi hata mmoja, awe na msimamo mkali kama wa shemeji yako, anayetaka leo kipande hicho kitolewe nje ili kila mtu ajitafutie cha kwake.

Hapo ndipo ninapoanzia mimi. Kitu ambacho programu nyingine zote zinakisimamia, yaani kuchapa, fonti, sauti, mtandao, kunakili na kubandika, kuhifadhi kama PDF, kiwe ndani na kiwe kimoja. Hiyo PDF wewe unaijua kuliko mimi. Mac OS X, mfumo wa kompyuta za Apple, tangu mwaka 2001 iliweza kugeuza chochote kinachochapika kuwa PDF bila kuongeza programu. Windows ilingoja mpaka Windows 10 mwaka 2015 ndipo ikaja na ile printa ya bandia inayoitwa Microsoft Print to PDF. Katikati hapo mafundi walikuwa wanashusha vigeuzi vya bure kutoka saiti za ajabu, vingine vikija na vibango vya matangazo vinavyojibandika kwenye kivinjari. Miaka yote hiyo ya uchafu ilitokana na kitu kidogo kutokuwepo mahali pake. Mtu akiniambia "mengine kila mtu ajiwekee", ninakumbuka vibango vile.

Kuna kundi la pili ambalo nadhani hata shemeji hatabisha: kinga. Agosti 2003 kirusi kinachoitwa Blaster kiliziingia kompyuta za Windows XP na Windows 2000 kupitia mtandao, bila mtu kubonyeza chochote. Windows XP tayari ilikuwa na fayawoli, ule ukuta wa kuzuia wavamizi wa mtandaoni, ndani yake. Ilikuja imezimwa! Mwaka mmoja baadaye, Agosti 2004, Microsoft ilitoa Service Pack 2, na fayawoli ikawashwa kwa kila mtu. Antivairasi kamili ilikuja kuwa sehemu ya Windows mwaka 2012, kwenye Windows 8. Wauzaji wa antivairasi hawakufurahi; Kaspersky walifika mpaka kwa wasimamizi wa ushindani wa Urusi na wa Ulaya kulalamika, kisha wakaondoa malalamiko baada ya Microsoft kukubali kubadilisha baadhi ya mambo. Ninaelewa kwa nini walilalamika. Lakini mashine yako ikiugua, inaziambukiza flashi za wateja, na wateja wanapeleka kwenye shule, ofisi na nyumba zao. Kinga si jambo la kumwachia kila mtu ajiamulie kama ananunua au hanunui, hasa pale ambapo leseni ya antivairasi inashindana na rimu ya karatasi.

Na kinga wakati mwingine ni kuondoa. Utakuwa unakumbuka virusi vya flashi vilivyowatesa watu wa steshenari na intaneti kafe miaka ile, folda zote zinageuka njia za mkato na mteja anadhani umemfutia kazi yake. Vingi vilipenya kwa sababu Windows ilikuwa na wema wa kufungua yenyewe kilichomo kwenye flashi mara tu ukiichomeka. Conficker, kirusi kilichotokea mwishoni mwa 2008, kilitumia mlango huo pamoja na mingine. Windows 7 ilipotoka mwaka 2009 ilikuja na mlango huo umefungwa kwa flashi, na Februari 2011 marekebisho yaleyale yakasambazwa kwa wenye XP na Vista. Kwa hiyo wema huo ulikuwa ndani kihalali kabisa, na kazi yake ilikuwa kurahisisha mambo. Ulitakiwa uondoke.

Sasa twende mahakamani, maana hapo ndipo hoja yako, dada, inapoanza kuyumba.

Katikati ya miaka ya tisini Netscape walikuwa wanauza kivinjari. Microsoft wakatengeneza cha kwao, Internet Explorer, wakakitoa bure, kisha wakakifunga ndani ya Windows. Hoja yao mahakamani ilikuwa kwamba kivinjari kimekuwa kiungo cha mfumo, hakitoki bila kuvunja vingine. Edward Felten, profesa wa Princeton aliyekuwa shahidi wa serikali, alileta programu fupi iliyokiondoa. Microsoft wakaleta video ya kuonyesha kwamba Windows iliyoondolewa kivinjari inachechemea, na wakili wa serikali akaonyesha kasoro ndani ya video hiyohiyo mbele ya Jaji Thomas Penfield Jackson. Ilikuwa aibu. Juni 2000 jaji akaamuru kampuni igawanywe. Juni 2001 mahakama ya rufaa ikalitengua agizo la kugawanya, ila ikakubali kwamba Microsoft ilikuwa imelinda ukiritimba wake kinyume cha sheria.

Wengi wanaisimulia kesi hii kama kesi ya "kuweka kivinjari ndani". Kosa zito lilikuwa kwenye mikataba. Watengenezaji wa kompyuta walikatazwa kuondoa ikoni ya Internet Explorer, hata kama walitaka kumwekea mnunuzi kivinjari kingine. Yaani kuweka ni jambo moja, na kumzuia mwingine asitoe ni jambo jingine. Mimi mfumo wa leo usio na kivinjari siutaki. Utashushaje kivinjari unachokipenda bila kuwa na kivinjari? Kiwepo. Ila kitoke nikikiambia toka, na kisiniulize kila asubuhi kama nina hakika.

Ulaya walijaribu dawa kali zaidi. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya euro milioni 497 na kuiamuru iuze pia Windows isiyo na Media Player, programu yake ya kuchezea muziki na video. Ikatengenezwa, ikaitwa Windows XP N, ikauzwa kwa bei ileile ya Windows yenye Media Player. Unadhani nani aliinunua? Karibu hakuna. Mtu hanunui pungufu kwa bei ya kamili. Mpelekee shemeji hiyo, kwa sababu ndiyo inayonifanya nisiamini mfumo mtupu: ukitoa kitu bila kumpa mtu nafuu yoyote, umempa kazi tu. Baadaye wakabadilisha njia, kuanzia 2010 Windows za Ulaya zikawa zinaonyesha ukurasa wa kuchagua kivinjari. Windows 7 ilipopata marekebisho makubwa, ukurasa ule ukatoweka kwa zaidi ya mwaka, na Machi 2013 Microsoft ikalipa euro milioni 561 kwa kosa hilo. Leo mtu aliye Ufaransa anaweza kuiondoa Edge, kivinjari cha sasa cha Microsoft, kwa kubonyeza kitufe cha kawaida, kwa sababu ya sheria ya Ulaya iliyoanza kuwabana wakubwa hawa Machi 2024. Sisi huku kitufe hicho hatujapewa. Uwezo wa kuiondoa upo, wameshauandika. Tunanyimwa kwa sababu ya nchi tuliyoichagua wakati wa kupiga Windows.

Hasara yenyewe ya kuweka kila kitu ndani ilikuja baada ya ushindi. Internet Explorer 6 ilitoka Agosti 2001, Netscape ikiwa imeshaanguka. Toleo la 7 lilitoka Oktoba 2006. Miaka mitano bila toleo jipya la kivinjari kilichokuwa kinatumika kuliko vyote duniani! Haikuwa na mpinzani, kwa nini wahangaike? Firefox ilipotoka Novemba 2004 na kuanza kuwala wateja, ndipo wakaamka. Notepad ni kisa kidogo cha aina hiyo. Imo ndani ya Windows tangu toleo la kwanza la 1985, na mpaka 2018 ilikuwa haijui kukata mistari ya faili lililoandikwa kwenye Linux, ule mfumo endeshi wa bure, ikilionyesha lote kama mstari mmoja mrefu. Kitu kilichomo ndani kinapata watumiaji bila kuwatolea jasho, na mwenye nacho anaweza kukisahau.

Apple nao wana yao. Mwaka 2002 kampuni ndogo ya Karelia ilikuwa na programu nzuri iitwayo Watson, ya kutafutia habari za filamu, safari na bei bila kufungua kivinjari. Mac OS X 10.2 ikaja na Sherlock 3 ndani yake, inafanya karibu mambo yaleyale. Watengeneza programu wa Mac mpaka leo wanalitumia jina la Sherlock kama kitenzi, kwa maana ya kumezwa na mwenye mfumo. Sherlock yenyewe haikudumu; ndani ya miaka michache Apple wakaitupa. Basi hesabu: programu ndogo nzuri imeuawa, na iliyoiua nayo haipo.

Haya, video na RAR zako. Hizi nitazikalia kidogo kwa sababu watu wengi wanadhani ni uzembe wa mafundi wa Microsoft.

Video kwenye faili imebanwa kwa njia maalumu, na njia hizo zina wenyewe. Kuna hataza, yaani haki za mvumbuzi, na anayeuza mfumo wenye uwezo wa kuifungua video ile analipa kwa kila nakala. Ndiyo sababu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012 ilikuwa imenyang'anywa uwezo wa kucheza DVD. Uwezo huo ulikuwemo kwenye matoleo mengi ya Windows 7. Watengenezaji wa kompyuta walikuwa wanauza mashine nyingi zisizo na sehemu ya kuingizia DVD, na Microsoft hawakuona sababu ya kulipia wote. Kwa upande wa hesabu hawakukosea.

Sasa iPhone. Kuanzia iOS 11 ya mwaka 2017, simu hizo zinarekodi video kwa njia iitwayo HEVC na kupiga picha kwa HEIC, kwa sababu faili linakuwa dogo. Mteja anakuja na video ya harusi, Windows inakwambia inahitaji kiongezeo kutoka dukani kwao, senti 99 za dola. Fedha ni ndogo, lakini inataka akaunti na kadi ya benki inayokubali kulipa nje, mteja amesimama mbele yako anataka dakika tatu. Hapo upo sahihi kabisa, na shemeji aombe radhi: uwezo wa kufungua kile ambacho watu wanatumiana kila siku ulipaswa kuwa ndani, na aliyeuza mfumo kwa bei ile angeweza kuumeza mzigo huo.

Programu inayowaokoa wengi hapo ni VLC, iliyotokana na mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris ulioanza mwaka 1996. Inabeba kodeki zake zote, yaani vifungulio vya video, tumboni, haikuulizi. Linux nayo imepita humohumo: Fedora kwa miaka mingi haikuja na uwezo wa MP3, na watu walikuwa wanaongezea wenyewe kutoka pembeni, mpaka hataza za MP3 zilipokwisha muda kati ya 2016 na 2017. Wimbo haukuwa umebadilika, wala mashine.

RAR ni rahisi zaidi. ZIP Windows inaifungua yenyewe tangu enzi za XP. RAR na 7z zimeingia Windows 11 mwaka 2023. Kama kompyuta zako bado zina Windows 10 utahitaji 7-Zip, ambayo ni ya bure kweli, tofauti na WinRAR ambayo ni ya kujaribu kwa siku 40 na dunia nzima imekubaliana kutoziona hizo siku.

Sasa ngoja nimtetee shemeji, kwa sababu anachokipiga vita kipo.

Ukifungua menyu ya Start ya Windows 11 mpya utaona ikoni zimepangwa vizuri, nyingine za mitandao ya kijamii, nyingine za michezo. Bonyeza. Baadhi hazimo ndani ya mashine. Ni kiungo cha kuanza kushusha. Kwa mtu wa London mwenye mtandao usiokatika haina tofauti. Kwako wewe mwenye bando la siku, ikoni isiyo na programu nyuma yake ni tangazo, na mwenye tangazo ndiye aliyepaswa kulipia bando. Hivi ndivyo ninavyovipima vitu hivi: je, kinafanya kazi intaneti ikiwa imekatika? Kikokotoo kinafanya. Kitazamia picha kinafanya. Programu ya habari haifanyi, na ukiiangalia kwa karibu imewekwa ili wewe uone matangazo ya mwenye mfumo.

Wala usidhani ni Windows peke yake. Ubuntu, mfumo wa bure tunaousifu, toleo la 12.10 la Oktoba 2012 lilikuja na utafutaji uliokuwa ukichanganya mafaili yako na bidhaa za Amazon. Unatafuta barua uliyoandika mwenyewe, unaletewa vitabu vya kununua, na ulichoandika kimeshasafiri kwenda kwenye seva. Watu walipiga kelele miaka, mpaka toleo la 16.04 likaja na kitu hicho kimezimwa.

Mfumo endeshi nauona kama nyumba ya kupanga: mwenye nyumba aweke mabomba, nyaya na kufuli, na akiniachia kabati sikatai, lakini asiniwekee banda lake la chipsi sebuleni akaniambia ni sehemu ya ukuta.

Kwa Kiswahili nina kinyongo changu. Mashine inapigia mstari mwekundu kila neno nililoandika sawasawa. Kamusi ya kukagua tahajia ni kitu kidogo kwa ukubwa, haina mnunuzi mmoja mmoja wa kuifanya biashara, na programu zote zingeifaidi: ofisi, kivinjari, barua pepe. Kwa kipimo nilichokupa mwanzoni ilipaswa kuwa ndani kabla ya hali ya hewa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili, tangu mwaka 2004. Kazi inawezekana.

Nije kwenye ushauri wa duka lako. Shemeji aendelee kufyeka michezo, habari, Xbox na vile vya kushusha. Avikwepe vinne. Programu ya Photos aiache, kwa sababu bila hiyo picha za pasipoti zitafunguka kwenye Paint. Antivairasi ya ndani asiizime kamwe, na hasa asitumie zile Windows "nyepesi" zinazogawiwa mitandaoni, ambazo mtu asiyejulikana ametoa kinga na masasisho kisha akazipa jina zuri. Duka la Microsoft Store alibakize, hata kama hulipendi, kwa sababu vingine vinasasishwa kupitia huko. Na WebView2 asiiguse: programu nyingi za sasa zinachora madirisha yao kwa kutumia hiyo, na ikitoka zinafunguka nyeupe au hazifunguki.

Kisha aandae flashi moja ya kazi yenye visakinishi kamili, vile visivyohitaji mtandao wakati wa kusakinisha: VLC, 7-Zip, SumatraPDF, LibreOffice na draiva za printa zako zote mbili. Ashushe mara moja mahali penye Wi-Fi nzuri. Mashine ya kwanza ikikamilika, achomoe waya wa mtandao na wewe ufanye kazi siku nzima: skani, PDF, RAR, video, picha. Kitakachokukwamisha ndicho kilichopungua. Baada ya hapo anakili diski nzima kwenda mashine nyingine kwa Clonezilla kama kompyuta zinafanana, badala ya kuanza upya mara tano. Wateja wa iPhone uwaelekeze kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya Formats, wachague Most Compatible. Video na picha watakazopiga baada ya hapo zitafunguka kwako bila shida.

Kama mashine zako hazina TPM 2.0, ile chipu ya usalama, Windows 11 haizipokei kirasmi, na masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalifika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025. Jaribuni Linux Mint kwenye mojawapo. Inakuja na LibreOffice, kisoma PDF, kicheza video, kifaa cha skana, hata kifaa cha kutengenezea flashi ya kusakinishia. Kwa maneno yako, imekamilika, na kwa maneno ya shemeji, kila kimoja kinatoka kwa kubonyeza mara mbili tatu. Ubuntu wameenda njia nyingine tangu toleo la 23.10: kisakinishi kinaweka vichache, na anayetaka furushi zima analichagua hapohapo. Mimi napenda kuulizwa. Lakini hakikisheni kwanza printa zenu zinakubali.

Limebaki OneDrive, na hapo nampa shemeji ushindi wote. Kwenye duka lako kuna vyeti, vitambulisho vya NIDA na mikataba ya watu. OneDrive ikiwashwa wakati wa kupiga Windows inaweza kuzichukua Desktop na Documents na kuanza kuzipandisha kwenye seva, kwa bando lako, mpaka gigabaiti 5 za bure zijae ianze kukudai ulipie. Wateja hawakukupa ruhusa hiyo. Ila asiifute kwa pupa. Kwanza aangalie kama anwani ya Desktop ina neno OneDrive ndani yake. Ikiwa nalo, afungue mipangilio ya OneDrive, asimamishe uhifadhi wa folda, ahakikishe mafaili yenye alama ya wingu yameshushwa yote kwenye mashine, ayahamishe kwa mkono kwenda Desktop ya kawaida, ndipo aiondoe. Akiruka hatua hizo, asubuhi utakuta Desktop tupu na mteja wa jana amerudi kuchukua cheti chake.